Nani Kakwambia Nina Afya?

Kila Desemba nikishuka kwenye basi pale Moshi, kabla sijachukua begi, kabla sijauliza nyumbani wazima, kuna mtu ataniangalia kuanzia usoni mpaka kiunoni, atarudi juu taratibu, kisha atatoa hukumu. Hukumu ziko mbili. Ya kwanza: “Eeh, una afya siku hizi!” Ya pili: “Mbona umeisha hivyo?” Ya tatu sijawahi kuisikia, na nimekuwa nikipanda hilo basi kwa miaka zaidi ya ishirini.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea nikiandika kuhusu riwaya na mashairi. Leo nawaomba mnivumilie, naandika kuhusu uzito wa mwili na sikukuu. Sijahama fani. Ninachotaka kukigomba ni maneno, na sisi humu ndani tunajidai kuwa watu wa maneno. Basi hebu tuyatazame maneno tunayopeana mezani kila Krismasi na kila Idi, maana nimeona yakimuumiza mtu, na aliyeyatamka nilikuwa mimi.

Hoja yangu ni hii. Mtu anayetaka kulinda uzito wake wakati wa sikukuu, hasa yule aliyeambiwa na daktari aulinde, amebanwa na matini mbili mbaya. Upande mmoja kuna makala za Desemba za magazetini na mitandaoni zinazomfundisha namna ya kula. Upande wa pili kuna salamu zetu. Makala hazijui meza yetu ikoje. Salamu zinaijua vizuri mno, ila zimekubaliana kwamba afya ni unene. Katikati pale mgonjwa hana hata sentensi moja ya kujitetea.

Nianze na makala, kwa sababu kuzigomba ni rahisi.

Mnazijua. Zinaanza kutoka wiki ya pili ya Desemba, zina namba mbele, na vitenzi vyake vyote ni vya amri: epuka, punguza, hakikisha, zingatia. Zinakuambia utumie sahani ndogo. Zinakuambia usisimame karibu na meza ya vitafunwa. Zinakuambia uchague kidari cha bata mzinga kisicho na ngozi. Jamani, bata mzinga! Nimekula Krismasi Kilimanjaro tangu nina meno ya utoto, nimekula mbuzi, ng'ombe, kuku, kisusio, nimekula ndafu aliyeletwa mzima mzima na majani mdomoni. Bata mzinga namjua kwa picha.

Mtu atasema, hilo ni kosa dogo la kutafsiri, toa bata weka kuku, mambo yanakwenda. Hapana. Kosa halipo kwenye ndege, lipo kwenye mlaji. Mlaji wa makala hizi ni mtu mmoja aliyesimama peke yake na sahani tupu mkononi, mbele yake kuna meza ndefu, na yeye ndiye anayeamua achote nini na aache nini. Kila ushauri unamtegemea mtu huyo. Sasa nionyesheni yuko nyumba gani huku kwetu.

Nyumbani kwa mama yangu, uchagani, sahani haichaguliwi. Inakufikia ikiwa imeshajaa, imebebwa na binamu aliyetumwa na shangazi, na shangazi anachungulia kutoka jikoni aone umeipokeaje. Eti tumia sahani ndogo: sahani zenyewe tumeazima kwa kikundi cha akina mama, zote saizi moja. Ukimaliza, inajazwa tena bila kuulizwa. Ukibakiza, unaulizwa kama chakula kilikuwa kibaya. Na baba yangu ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mimi nina bahati ya kuwa na sikukuu za pande mbili. Idi kwa baba mdogo ni sinia la pilau katikati, watu watano tumelizunguka, mkono kwa mkono. Kwenye sinia huwezi kupima kipimo chako. Unachoweza ni kula polepole, nako ukizidisha upole mwenyeji anakusogezea nyama upande wako kwa vidole vyake mwenyewe, kwa mapenzi, na utaikataaje nyama iliyosogezwa hivyo?

Kwa hiyo makala inamwambia mtu afanye uamuzi ambao kwake haupo. Akishindwa, na lazima ashindwe, anajiona hana nidhamu. Kumbe aliyeshindwa ni mwandishi, ambaye hakujisumbua kuuliza nani anapakua.

Na msiniambie kwamba Kiswahili hakiwezi kuandika kuhusu afya bila kunakili. Kiliweza. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Miaka miwili baadaye, 1975, ikaja nyingine, Chakula ni Uhai. Sizikumbuki, sikuwa nimezaliwa, na sitaki kuzipamba. Zama zile zilikuwa na mabaya yake. Lakini someni tu jina. Mtu ni Afya. Maneno matatu, na hakuna mtafsiri ndani yake. Halafu angalieni msikilizaji waliyemfikiria: ni kikundi, watu wanaokaa pamoja na kuamua pamoja. Waandishi wale walijua kwamba huku mtu habadilishi anavyoishi akiwa peke yake. Tukatoka hapo, tukafika kwenye “njia 10 za kuepuka kunenepa msimu huu wa sikukuu”.

Sasa tuje kwenye matini ya pili, ile inayonihusu zaidi.

Lile neno “afya” lililokuwa ndani ya Mtu ni Afya, limetupata nini? Sikilizeni linavyotumika mtaani leo. “Ana afya yake yule” maana yake ni mnene. “Siku hizi una mwili” ni sifa. Kana kwamba kabla ya hapo ulikuwa kivuli. “Umenawiri”, “umejaajaa”, “mambo yamekunyookea”. Upande wa pili: “umeisha”, “umekauka kama ng'onda”, “umekuwa kimbaumbau”, “unaumwa?” Tumelichukua neno la afya tukalifanya jina la tumbo. Matokeo yake mtu mwenye sukari ya kupanda, presha ya kupanda na magoti yanayolia akiinuka anaambiwa getini kwamba ana afya, na anajibu “tunamshukuru Mungu”.

Sitaki kuwa mtu wa kukemea bila kuuliza lilikotoka jambo. Lugha haikuamka asubuhi moja ikaamua kupenda vitambi. Babu zetu waliijua njaa kwa jina na kwa mwaka. Kwa mtu aliyeona watoto wakidhoofu, mwili uliojaa ulikuwa habari njema kuliko zote. Wachaga humlaza mama aliyejifungua, wakamlisha mtori na mlaso kwa wiki nyingi, miezi hata, na akitoka ndani akiwa amenona ni heshima ya mume na ya mama mkwe. Katika desturi ile kunenepesha ni kupenda. Mimi mwenyewe nimezaliwa na mwanamke aliyelishwa hivyo, siwezi kuikejeli.

Halafu ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Waganda waliuita ugonjwa ule kwa neno la Kiingereza la wembamba, slim, na jina hilo likafika hadi kwenye jarida la madaktari la The Lancet mwaka 1985. Huku kwetu hatukuhitaji jina. Kukonda kwenyewe kulitosha. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kwa hiyo kulikuwa na miaka ishirini ambayo mtu akipungua watu walianza kuhesabu siku zake. Kizazi kilichokaa mezani leo kama wazazi na mashangazi kilikulia katika miaka hiyo. Wanapomwona mtu amepungua, wanachokiona ni jeneza. “Umeisha” si neno la mzaha kwao hata wanapocheka.

Naelewa yote hayo. Ila kuelewa lilikotoka jambo hakunilazimishi nilibebe mpaka kaburini. Na hapa ndipo nilipe deni langu.

Mama yangu ana dada yake mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenishika mkono kunifundisha kuandika “a” kabla sijaanza darasa la kwanza, likizo moja, kwa kijiti juu ya vumbi la uani. Alipostaafu alianza kuumwa umwa, akapimwa, akaambiwa ana kisukari na shinikizo la damu vyote viwili. Daktari akamwambia apunguze uzito. Na yule mama, kwa ualimu wake, alitii kama anasahihisha madaftari. Akapunguza ugali nusu. Soda akaacha. Sukari kwenye chai akaacha, na huyu ni mtu aliyekuwa akiweka vijiko vinne. Kanisani akawa anakwenda kwa miguu, na mnaoijua milima yetu mnaelewa maana yake: kwenda ni mteremko, kurudi ni kilima. Miezi kumi. Alipungua kilo 9.

Krismasi ya mwaka ule alikuja na gauni jipya lililoshonwa kwa kipimo chake kipya. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, “Shikamoo mama mkubwa! Mbona umeisha hivyo, unaumwa?”

Alisema “marahaba mwanangu”, halafu hakusema tena kitu. Nyumba nzima iligeuka kumtazama. Hadi jioni nilishawasikia watu watatu wakinong'ona, na mmoja akamuuliza mama yangu jikoni, chini chini, “kapima?” Mnajua alikuwa anauliza kipimo kipi. Kuanzia pale sahani ya mama mkubwa haikukauka. Kiburu, nyama, soda ikafunguliwa na kuwekwa mkononi kwake. Kila mtu alitaka kumwona anakula ili aamini kwamba bado yupo. Na yeye akala. Akala kwa ajili yetu.

Baadaye alimwambia mama yangu sentensi ambayo sijaisahau: afadhali awe mnene kuliko kuzikwa kabla hajafa. Kufikia Pasaka kilo zote 9 zilikuwa zimerudi. Mwaka wa tatu alipata kiharusi. Yupo hai, anatembea kwa fimbo, anacheka bado. Mkono wake wa kulia haushiki kalamu.

Sisemi sentensi yangu ndiyo iliyompa kiharusi. Mwili wa mtu una mambo mengi na mimi si daktari. Nasema tu kwamba yule mama alikuwa katika mapambano, daktari akiwa upande wake, na siku ile mimi nilisimama upande wa pili. Nilikuwa na shahada ya fasihi. Nilikuwa nimeshaandika makala kadhaa kuhusu nguvu ya neno.

Tuwe na takwimu kidogo, maana polemiki isiyo na hesabu ni kelele. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliwapima wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49. Kati ya kila 100, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopindukia, na 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Kwa hiyo lugha yetu bado inamhofia yule mwembamba, wakati walio upande wa pili wamekuwa karibu mara tatu yake. Na uchunguzi wa 2012 wa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama 9 katika 100 wana kisukari, na robo nzima wana shinikizo la damu. Kaeni mezani Desemba hii muwahesabu waliozunguka. Mkiwa watu wazima kumi na wawili, watatu wana presha, na pengine mmoja ana sukari na hajawaambia.

Sasa, Desemba yenyewe inanenepesha kiasi gani? Marekani waliwahi kulipima hilo kwa makini, wakachapisha mwaka 2000 katika jarida la madaktari la New England. Imani ya watu ilikuwa kwamba sikukuu zinamwongezea mtu kilo 2 na ushee. Wakawapima watu wazima 195 kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari, wakakuta wastani wa ongezeko ni kilo 0.37. Hata nusu kilo haifiki! Ila kulikuwa na mambo mawili ya kutia wasiwasi. Waliokuwa wanene tangu mwanzo ndio walioelekea kuongezeka zaidi. Na kile kidogo kilichoongezeka hakikutoka miezi iliyofuata. Kilibaki, kikasubiri kingine cha mwaka ujao.

Wamarekani wana sikukuu zao na sisi tuna zetu, kwa hiyo kilo zao si lazima ziwe zetu. Lakini somo naliona linatufaa. Mtu hanenepi kwa ndafu wa siku moja. Ananenepa kwa kile kinachoanza sikukuuni kikakataa kuondoka: soda iliyozoeleka, kukaa kulikozoeleka, sahani ya pili iliyozoeleka. Soda nyingi tamu zina sukari ya gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 350 ni gramu 35, yaani vijiko vya chai kama vinane. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima anayekula kalori 2,000 asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana aishie 25. Siku ya Krismasi mgeni anapewa soda akifika, soda akila, soda akiaga. Ndafu analaumiwa bure.

Na vyakula vyetu navyo vinalaumiwa bure. Kiburu ni ndizi na maharage. Nitajieni mtaalamu wa lishe atakayeugombeza mchanganyiko huo. Mtori ukipunguzwa mafuta ni supu ya kumfaa mgonjwa. Kisamvu, mnafu, matembele, yote yapo shambani, ila siku ya sikukuu tunaona aibu kuyaweka mezani tusije tukaonekana maskini. Hilo nalo ni suala la maneno: tumeziita mboga za majani chakula cha siku ya kazi, soda tukaiita chakula cha mgeni.

Najua majibu yanayokuja. Wa kwanza atasema, “Wewe umeshakuwa Mzungu, kumwambia mtu amenenepa ni salamu tu, ni utani, ni utamaduni.” Ndugu yangu, utani una kanuni. Mngoni na Msukuma wanataniana kwa sababu wote wawili wanaijua mipaka na kila mmoja ana haki ya kurudisha. Mama mkubwa angenirudishia nini mimi mlangoni pale? Na utamaduni huo mnaousema una salamu za kujaza nusu saa: za nyumbani, za safari, za watoto, za kazi, za siku nyingi, za huko utokako. Zote zinamwacha mtu na mwili wake. Ukizipita zote hizo ukaenda moja kwa moja kwenye kiuno chake, utamaduni umeuruka, hujauenzi.

Wa pili atakuja kutoka upande mwingine kabisa. Atasema, “Basi tuacheni kabisa habari za uzito, kila mwili ni mzuri, kila mtu ale anavyotaka.” Huyu ananipa shida zaidi kwa sababu nusu ya maneno yake nayakubali. Kila mwili una heshima yake, sawa. Lakini sukari kwenye damu haisomi insha zetu kuhusu heshima. Nimesukuma kiti cha magurudumu kwenye korido ya kliniki ya kisukari, nimewaona watu waliokatwa miguu. Kuwaambia ndugu zao kwamba habari za uzito tusiziguse kabisa ni kuwaacha wapambane wenyewe gizani. Ninachotaka ni kwamba mazungumzo hayo yafanywe na mwenye mwili na anayemtibu, na sisi wengine tujifunze kuwa wasaidizi wazuri. Kumtangazia mtu mlangoni na kumsaidia ni vitu viwili tofauti.

Wa tatu, huyu ni shangazi, atasema, “Mtoto wa mjini, unataka tusiwalishe wageni?” Hapana shangazi. Shikamoo. Tulishe. Naomba tu mtulishe kama mnavyotupenda.

Basi nifanye kile ambacho zile makala hazifanyi, niandike kwa ajili ya nyumba nzima, si kwa mlaji mmoja.

Mwenye nyumba, weka vyungu mezani na upawa ndani yake, useme “karibuni, jipakulieni”. Neno hilo moja, jipakulie, linafanya kazi kuliko namba kumi za magazeti, kwa sababu linamrudishia mtu uamuzi. Weka jagi la maji ya kunywa pale pale zilipo soda, yasiwe ya kuombwa kama dawa. Mboga za majani zipikwe vizuri kama nyama inavyopikwa, na nazi au karanga kidogo, zikae katikati ya meza. Mtu akisema ameshiba, jibu “haya, ahsante kwa kula”, ukae kimya. Msimuulize mara ya pili. Najua inauma, lakini ukimya huo ndio ukarimu.

Mgeni, nawe jiandae na sentensi yako kabla hujafika, maana ukifika utasahau. “Nipakulie kidogo shangazi, nitaongeza mwenyewe.” “Kimenoga, nimeshiba na nimefurahi.” Kama unaumwa na hutaki kusema, huna deni la kumweleza mtu. Kama unataka kusema, mchague mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, umwambie mapema, yeye awe mlinzi wako mezani. Kila ukoo una mtu kama huyo. Kwa kawaida anatumiwa kuongoza vikao vya harusi.

Kisha ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote tunaisoma kama onyo kwa wageni wasiochoka kukaa. Mwaka huu naisoma kama ushauri wa daktari. Watu wa mjini tunakuja nyumbani tunakaa kwenye viti vya plastiki kuanzia asubuhi mpaka jioni, tunainuka kwenda kula tu. Wakati kihamba kipo, migomba inataka kupunguzwa majani, ng'ombe wa bibi anataka majani, na njia za milimani zipo zile zile tulizopanda tukiwa watoto. Siku ya tatu tupeni jembe. Tutalalamika, lakini tupeni. Na jioni badala ya kuletewa majirani wote ukumbini, twendeni sisi kwao kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa.

La mwisho ni kwenu wasomaji wenzangu, ambao mwaka mzima mnanisahihisha nikikosea ngeli. Tumelinda “kiti” na “viti”, hatukulilinda neno “afya”. Tulirudishe. Tuache kuliita tumbo afya. Tuache kumwita aliyepungua mtu aliyeisha, maana huenda ndiye pekee mezani anayeanza. Ukimwona ndugu amebadilika na moyo unakuuma kwa hofu, msubiri mkiwa wawili tu, umuulize taratibu, “Unaendeleaje?” Halafu nyamaza usikie.

Desemba hii nitapanda basi tena. Mama mkubwa atakuwepo. Huwa anakaa karibu na mlango siku hizi kwa sababu ya fimbo. Nimekwisha iandaa salamu yangu, nimeipima kama ninavyopima mstari wa mwisho wa shairi, na imetoka fupi kuliko nilivyodhani. Shikamoo mama mkubwa. Nimefurahi kukuona. Baada ya hapo nitakaa chini kando yake, na mtu akija na sahani ya pili nitakuwa wa kwanza kusema kwamba mama ameshiba.